Mshale Uliopotea Nyasini

Tangu mumewe afariki, Lempi Kangas hakuwasha tena redio wakati wa jioni. Alikaa jikoni, kikombe cha kahawa kikipoa mbele yake, akasikiliza. Giza lilipoanza kuifunika mierezi, nyayo zilitoka upande wa kinamasi, taratibu, kama za mtu aliyechoka aliyevaa buti nzito za mpira. Hazikuja mlangoni. Zilipita chini ya dirisha la jikoni, zikaelekea kwenye banda la gari, mahali pinde na mishale ilipohifadhiwa, zikakoma hapo. Mara kadhaa alitoka na tochi. Hakuona mtu, na hata majira ya theluji hakukuta alama ya kiatu.

Zilikuwa nyayo za Urho. Mwanamke aliyezeeka na mume wake hana haja ya kuambiwa.

Kifo chake kilijulikana na kila mtu katika sehemu ile ya kaskazini mwa Michigan. Vuli iliyopita, jua likizama, Urho alimpiga mshale kulungu dume mkubwa, na mnyama akakimbia na jeraha lake. Huko mwindaji wa upinde hamwachi mnyama aliyemjeruhi. Humfuata mpaka ampate, hata kama chakula kinapoa na mke ananuna. Urho alifuata matone ya damu hadi katikati ya kinamasi. Asubuhi walimkuta ameketi juu ya gogo, upinde magotini, moyo umesimama. Kulungu hakuonekana. Kisha, majira ya joto yalipofika, majirani wakaanza kumwona: dume anayechechemea, kipande cha mshale kimechomoza begani.

Lempi alidhani ameelewa. Urho hakuweza kupumzika kwa sababu kazi yake haikukamilika. Basi mkewe angeikamilisha, na nyayo zingenyamaza.

Alikwenda kwenye duka la mishale la Arvo, mdogo wa marehemu, akiwa amebeba podo la Urho. Mishale iliyokuwamo ilikuwa ya kaboni, myeusi, yenye manyoya ya manjano. Manyoya hayo aliyabandika Lempi mwenyewe, rangi ileile ya mishale yake ya shabaha, kuadhimisha siku ya ndoa yao. Urho alimtania kwamba sasa wamefanana kama mapacha waliovalishwa nguo za kanisani, lakini mishale yote, ya mke na ya mume, aliichanganya kwa furaha ndani ya pipa moja bandani.

Lempi alikuwa mpiga shabaha hodari. Hakuwahi kuua hata sungura.

"Shemeji," Arvo alisema, "karatasi haijawahi kukukimbia. Kulungu anakimbia."

"Kwako wamekimbia wengi, na bado unauza mishale. Nikatie hii ilingane na mkono wangu."

Arvo alitabasamu, kisha akaanza kumweleza kwa upole. Mshale unapotoka kwenye upote, ile kamba ya upinde, hujipinda kama samaki majini kabla ya kunyooka. Upinde wa Urho ulikuwa na nguvu, kwa hiyo alihitaji mishale migumu. Upinde wa Lempi ulikuwa mwepesi, usingeweza kuipinda. Tena mshale ukikatwa mfupi, ugumu unazidi. Lempi hakutaka kusikia. Alitaka mshale wa Urho ndio ummalize yule dume. Arvo akakata mmoja ili kumridhisha, wakaenda nyuma ya duka penye shabaha.

Mshale ulikwenda kushoto. Lempi alirekebisha miguu, akatuliza pumzi, akapiga tena. Kushoto. Kila alipopiga, ulikwenda kushoto, kana kwamba mtu amesimama kando ya uso wake na kuusukuma kwa kidole.

"Hataki," alinong'ona.

"Ni ugumu wa mshale tu, shemeji. Urho hayumo." Lakini kabla ya kusema hivyo, Arvo alitazama nyuma yake.

Ndipo wakachagua upya. Arvo alimtolea mishale isiyo migumu mno, yenye ukuta mnene na kigumba kizito, yaani ncha ya chuma ya kuwindia. Ile ya shabaha, alimwonya, ni myepesi kwa makusudi. Ikigonga mfupa huvunjika kama bua. Kila mshale mpya Arvo aliukunja kidogo karibu na sikio, akamfundisha kusikiliza, maana kaboni yenye ufa hupasukia mkononi. Kisha akauliza jambo lililomkera mwaka mzima.

"Urho hakuwahi kupiga bega maishani mwake, daima nyuma yake, penye moyo. Siku ile ilikuwaje?"

Lempi akaitia mishale mipya podoni.

Alipanda kichanja cha Urho cha kuvizia, juu mtini, alasiri baada ya alasiri, mpaka siku moja dume akatokea katika ukungu, akiburuta mguu. Mshale mpya ulimwingia nyuma ya mguu wa mbele, ukatokea upande wa pili. Mnyama aliruka, akatoweka ndani ya kinamasi. Lempi alishuka, akafuata damu kama mumewe alivyofuata, akamkuta amekufa kando ya gogo. Gogo hilo alilijua. Hakuthubutu kulikalia.

Alipasua bega kwa kisu. Kipande kilichotoka kilikuwa na ukuta mwembamba kama ukucha, na karibu na kigumba palikuwa na herufi za rangi ya fedha: L.K. Sheria ya mashindano ya shabaha humtaka kila mpigaji aandike jina lake kwenye mishale. Huu ulikuwa wake, mmoja ambao aliamini ulipotea kwenye nyasi za uwanja wa shabaha. Siku ile Urho aliuchomoa piponi kabla ya mapambazuko, akatazama manyoya tu, akaufunga kigumba cha kuwindia.

Lempi alikigeuza kile kipande kiganjani. Bila shaka Urho aliokota nusu ya nyuma iliyovunjika, akahisi wepesi wake mkononi, akajua ni wa mkewe. Akaingia kinamasini akijua.

Arvo alikuja kumsaidia kumvuta kulungu. Lempi alikuwa ameshakitia kipande mfukoni. Alirudi nyumbani giza likianza kushuka, akaingia bandani, akakitia kipande ndani ya pipa, kati ya mishale yake. Kisha akaketi jikoni.

Nyayo zilikuja kutoka kinamasini, zikapita chini ya dirisha, zikafika bandani. Mlango wa banda ulilia. Mishale ikagongana polepole, kama mtu anapoingiza mkono na kuipapasa mmoja mmoja. Kisha ikatulia.

Nyayo zikageuka. Kwa mara ya kwanza zilikuja upande wa nyumba, zikapanda ngazi, zikasimama mbele ya mlango wa jikoni.

Lempi aliinuka. Alitoa kikombe cha pili kabatini. Alikijaza kahawa, akakiweka upande wa pili wa meza, kisha akaenda kufungua.