Nyuzi za Shaba Zilizokunywa Ahadi

Mtafiti alitoa kibati cha shaba kwenye tanuri, akakiacha kipoe, akakitazama kwa hadubini. Nyuzi za oksidi zilikuwa zimeota vizuri, nyeusi, zimesimama wima kama vinyweleo vya mtu aliyeshikwa na baridi. Kazi yake ilikuwa kuzilisha hewa ya ukaa ili ziigeuze kuwa spiriti. Akafungulia gesi. Hazikuigusa.

Alikuwa na haraka. Nyuzi hizo zilikusudiwa kufungwa kwenye bomba la moshi la kiwanda cha saruji, na baba yake aliishi chini ya moshi ule, akikohoa mpaka machozi yanamtoka.

Mkurugenzi wa taasisi akamwita aje aeleze amefikia wapi. Mtafiti akaweka kibati mezani, akasubiri zamu yake. Mkurugenzi alikuwa akiwaambia wafadhili kwamba bomba lile litakuwa safi kabla mwaka haujaisha. Nyuzi zikaanza kurefuka. Alipofika kwenye "bila shaka yoyote," zilikuwa zimepanda ukutani hadi darini, na spiriti ikaanza kudondoka. Katibu muhtasi akaleta ndoo.

"Endelea tu, mzee," alisema mfadhili mmoja, akisogeza kiti chake asilowe.

Zamu ya mtafiti ikafika. Akasema kwamba nyuzi bado hazijaugusa moshi hata kidogo. Hapo hapo zikanyauka, zikateremka hadi nusu ya ukuta.

"Dada, tafadhali," mkurugenzi alimnong'oneza. "Usituharibie mavuno."

Tangu siku hiyo mtafiti akakatazwa kusema lolote chumbani humo. Tanuri lake likazimwa, akapewa buti za mpira, akawa mkinga matone. Mikutano ikafanyika asubuhi na jioni. Wasemaji wakaalikwa kutoka wizarani. Mmoja alijaza pipa zima kwa sentensi moja kuhusu vizazi vijavyo. Spiriti yote ilinunuliwa na kiwanda cha saruji. Iliwaka vizuri, uzalishaji ukapanda, na moshi nao ukapanda.

Jioni moja alimpelekea baba yake dawa ya kifua, akamsimulia.

"Kwa hiyo bomba letu wamelisema?" mzee aliuliza.

"Wamelisema leo, baba. Waziri mwenyewe."

"Spiriti ikatoka nyingi?"

"Mapipa hayakutosha."

Mzee alikohoa kwanza, akamaliza.

"Basi huyo anajua kusema," alisema, akaomba afungiwe dirisha.