Yai Kwenye Kona ya Karavani

Kitendawili alikitunga mwenyewe Hildy Froese, asubuhi ya Alhamisi, mkasi mkononi: nyumba yangu hunifuata kila niendako, nikikata kona hunipiga kisogo. Jikoni alikuwamo paka tu, na paka hajibu vitendawili. Basi Hildy akaendelea kukata boksi la kornfleksi.

Alikata vipande viwili. Kimoja ni pikapu ya marehemu mumewe, Abe, yenye bodi fupi ya mizigo nyuma. Cha pili ni karavani, nyumba ya kuvutwa na gari, aliyoinunua Hildy mwenyewe kwa jirani, ile aina ambayo shingo yake hupanda juu ya bodi ya pikapu na kuteremsha pini katikati. Akavishikanisha kwa pini ya kushonea. Vikiwa vimenyooka, nafasi tele. Akageuza pikapu polepole. Kona ya karavani ikaja, ikaja, ikaingia mpaka ndani ya kebini ya dereva.

"Ahaa!" akamwambia paka. "Kumbe ni mabega! Ukikaa umetazama mbele humgusi mwenzako. Geuka sasa, uone kama hapati kiwiko."

Lorne, kaka yake Abe, alikuwa amemwambia bila kuona haya: "Shemeji, pikapu fupi na karavani kama hiyo havikai nyumba moja. Uza pikapu, ununue ndefu. Nimeshapata mnunuzi, anakuja Jumamosi."

Hildy hakutaka kuiuza. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimebonyea umbo la Abe, na yeye akikaa hapo miguu ilimning'inia kidogo, lakini alikaa. Wakakubaliana: ikifika Jumamosi hajapata njia ya kuivuta ile karavani, pikapu iende.

Ijumaa akaenda kwa Bev, fundi wa viungio, vile vyuma vinavyofungwa ndani ya bodi ili vishike pini. Vitatu vilikuwa vimepangwa sakafuni.

"Hiki hakisogei," Bev alisema. "Kwa bodi yako, agana na kioo cha nyuma. Hiki cha pili kinarudi nyuma chenyewe ukigeuka. Kizuri, ila kizito kama dhambi. Peke yako hukitoi. Hiki cha tatu nacho kinarudi nyuma, lakini sharti usimame kabla ya kona, ushuke, uvute huu mkono wa chuma, ndipo upande tena."

"Kinarudi kiasi gani?"

"Shubiri moja na nusu."

Hildy akatoa vipande vyake kwenye mkoba, akapima kwa rula, akaisogeza pini nyuma, akageuza. Kona ikapita kando ya kebini bila kugusa.

"Jamani njooni!" Bev akawaita wenzake. "Mama kaja na pikapu mkobani!" Kisha akaacha mzaha. "Lakini cha tatu watu hukisahau. Wanakumbuka kioo kikishamwagika kitini. Wewe msahaulifu?"

"Miwani tu. Tangu asubuhi naitafuta."

"Iko kichwani."

Wakacheka wote wawili. Halafu Bev akauliza, "Na nyuma atakuelekeza nani?"

Hildy akaikumbuka kambi ya ziwani, alikokuwa akienda na Abe. Kule wenye karavani huja wawili wawili. Mume anarudisha gari nyuma, mke anapunga mikono, na majirani kwenye viti vya kukunja wanatazama kama sinema. Abe akirudi nyuma hakuiamini mikono ya mtu, hata ya Hildy. Alisimama kila baada ya hatua chache, akashuka, akazunguka gari zima akipiga mateke tairi. Na Hildy alikuwa akimpigia kelele dirishani, "Umedondosha nini huko, Abe?"

"Hakuna wa kunielekeza," akamwambia Bev. "Kwa hiyo kila nikifika mahali pabaya lazima nishuke nikaangalie mwenyewe. Sasa kama nimeshashuka, kuvuta mkono wa chuma kuna kazi gani? Nipe cha tatu."

Jumamosi Lorne na mnunuzi walimkuta kwenye uwanja mpana nje ya jumba la mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, ambalo kiangazi hukaa tupu. Karavani ilikuwa imeshaungwa. Kwenye kila kona yake ya mbele, usawa wa kioo cha kebini, ilibandikwa soksi ya sufi ya Abe, na ndani ya soksi yai.

"Shemeji, ndio nini tena?"

"Kioo ghali, yai rahisi. Kaa pembeni."

Akaendesha, akasimama kabla ya kugeuka. Akashuka. Akazunguka, akapiga teke kila tairi. Lorne akarudi hatua moja, maana mwendo ule aliujua, ni wa Abe. Hildy akavuta mkono wa chuma, akapanda, akaminya breki za karavani ili ibaki ilipo, na kusogeza pikapu mbele taratibu mpaka akasikia *klak*. Kisha akakata usukani wote. Pikapu na karavani vikasimama kama mtu na kiwiko chake.

Lorne akakimbilia kona. Akatia mkono kwenye soksi, akatoa yai. Zima.

"Upande wa pili!" alisema, hataki kushindwa.

Hildy akanyoosha gari, akakata upande wa pili. La pili nalo zima.

Mnunuzi alikuwa ameinama ndani ya bodi, hatazami tena pikapu. "Mama, hiki chuma umekipata wapi? Nami nyumbani ninayo fupi, kwa karavani nilidhani basi tena."

Hildy akamwelekeza kwa Bev, akamgeukia Lorne aliyesimama na mayai mawili mikononi.

"Kitendawili, shemeji."

"Haya, tega."

"Nyumba yangu hunifuata kila niendako, nikikata kona hunipiga kisogo."

Lorne akafikiri, akayatazama mayai. "Karavani yako."

"Umekosa. Ilikuwa hivyo mpaka jana, sasa hainipigi tena. Kayachemshe hayo, tupate kitu cha kula njiani. Ziwani tunafika mchana."