Kufuli za Ujirani

Ule ujia wa maduka ulikuwa mwembamba, na wezi wake wepesi kuliko paka. Ndiyo maana majirani walikuwa na desturi yao. Kila mlango wa bati ulikuwa na kufuli iliyoning'inia wazi kwa nje, ile ya kujibana bila ufunguo. Mtu akishusha mlango akaenda kula au kusali, akasahau kufunga, jirani anayepita huibana. Ukirudi unaambiwa, "Nimekubania," mnacheka, basi.

Hakuna aliyebana nyingi kama fundi viatu, mzee waliyemwita Kiraka. Msusi wa jirani alikuwa mtani wake. Asubuhi ile alipita na beseni la maji, akamtupia neno.

"Mume wangu mzee, bado unalitafuta tundu la sindano?"

"Tundu nimeliona, mke wangu. Uzi ndio umenikataa, kama wewe."

Msusi alicheka mpaka maji yakamwagika. Akaingia kwake, akashusha mlango, akaacha ndala zake nje kizingitini. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake: ndani mna mwanamke asiyeonyesha wanaume nywele zake, wapitao wapite.

Kishindo cha kwanza Kiraka alidhani bati limeanguka. Cha pili kilileta vumbi na mayowe, kisha risasi zikaanza kulia upande wa lango kuu la soko. Ujia wote ulimwagikia mlango wa nyuma. Kiraka naye alikimbia. Miguu ilikimbia, lakini mkono uliozoea haungoji amri: kila mlango alioukuta umeshushwa, aliibana kufuli yake, ta, akapita.

Nje, kwenye uwanja wa magari, wifi wa msusi alimdaka.

"Kiraka, wifi yangu umemwona?"

"Katoka huyo. Mlango wake nimeukuta chini, nika..."

Akakumbuka ndala za kizingitini. Ujia ulikuwa umetapakaa ndala za waliokimbia. Nani angejua zipi ni alama na zipi zimepotezwa?

"Ukafanya nini?"

"Nikaubana."

Wifi mtu alishika kichwa. Kiraka alikwisha geuka.

"Mzee, utakufa!"

"Heri nife mara moja."

Ndani, moshi wa nguo zinazoungua ulikuwa umeshuka mpaka kiunoni. Risasi zilikuwa zimenyamaza, na ukimya ule ulitisha kuliko mlio. Kiraka alitambaa, bega likisugua ukuta, mpaka kwa msusi. Kuita hakuthubutu. Alikwaruza bati kwa kucha.

"Mke wangu," alinong'ona.

Akaweka sikio kwenye bati. Kisha pumzi, chini kabisa sakafuni.

"Nilikusikia ulipobana. Kupiga kelele niliogopa."

"Nipe ufunguo."

Ukasukumwa chini ya mlango. Ufunguo uligonga huku na huku, mpaka akaushika kwa mikono miwili kama mtoto anayejifunza kushika kijiko. Kufuli ikafunguka. Lakini mlango ule ulikuwa na kelele, ukiinuliwa ulilia kama punda, na mwanzo wa ujia viatu vizito vilikuwa vinakanyaga vioo, polepole.

"Ngoja," alisema.

"Babu, tunakosa pumzi," msusi alinong'ona.

"Ngoja, mwanangu. Ngoja."

Wakangoja. Mle ndani mtu alikuwa anakohoa ndani ya kitambaa. Kisha nje, kule langoni, askari wakaanza kurusha risasi, na viatu vikageuka mbio. Hapo Kiraka akauinua mlango, mpaka kimo cha goti tu. Msusi akatambaa kutoka, akimvuta mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Mtandio wa mteja ulikuwa umebaki kwenye moshi. Kiraka alivua koti, akalinyoosha nyuma ya mgongo wake bila kugeuka. Yule mama akalipokea, akajifunika, wakaondoka wote watatu wameinama.

Njiani Kiraka alikuwa akigonga milango aliyoibana. "Kuna mtu?" Hakujibiwa. Kwa fundi redio alisimama. Ilikuwa kama amesikia kitu, au ni moyo wake. Fundi redio alikuwa na mazoea ya kushusha mlango akalala kidogo.

"Ufunguo wake huna," msusi alimwambia, akamvuta mkono kwa nguvu. "Twende!"

Mchana majirani walikusanyika chini ya ukuta ng'ambo ya barabara. Kiraka alipewa maji, hakuyanywa. Habari ilikuwa imeenea, akaanza kujiwa na watu, mmoja mmoja.

"Mimi nilikuwa msalani, babu," alisema muuza vitambaa. "Kwangu umebana vitambaa tu, na vyenyewe vibaya."

"Sisi tulitoka mbele yako," alisema mama wa vyombo. "Hukuona nilivyokupita? Na unene wangu wote huu!"

Kiraka aliitikia kwa kichwa. Kila aliyesema, pumzi ilimshuka kidogo. Mwisho ukabaki mlango mmoja. Fundi redio hakuonekana, na moto, walisema, ulifika mpaka kwake. Askari hawakuruhusu mtu kuingia. Msusi alikaa naye mpaka jua likazama, na utani wake wote ulikuwa umemwisha.

Kesho yake Kiraka hakula. Alikuwa kibarazani kwake, macho njiani, alipomwona mke wa fundi redio anakuja, khanga imefungwa kiunoni, macho yamevimba. 

"Shemeji," alisema, "nihukumu utakavyo."

Mwanamke alikaa chini palepale, mavumbini.

"Nimetoka kumtambua," alisema. "Walimwokota langoni, shemeji. Alikwenda kununua betri. Hakuwa ndani."

Kiraka aliinama kumkaribia, kama hakusikia.

"Nimeambiwa unasema umemuua. Nyumbani watu wamejaa, wananingoja. Nikasema haiwezekani azikwe na wewe hujui. Hakuwa nyuma ya mlango wako. Waliomuua ni wale wa bunduki."

Hapo mzee akalia kwa sauti, na yule mfiwa akamshika bega, akamwacha alie. Kisha akaomba mkono wa kuinukia. Kiraka akampa, wakashika njia pamoja kwenda msibani.