Kiingereza cha Taarifa ya Habari

Binti yake alipochumbiwa na kijana wa ng'ambo, mama mmoja fundi cherehani aliamua kujifunza Kiingereza kabla wakwe hawajafika. Mwalimu wake akawa runinga ya pale kazini, na mwaka ule habari zilikuwa mafuriko, moto na matetemeko tu. Kila neno jipya alilirudia huku akishona.

Siku wageni walipobisha hodi, binti alikuwa bado bafuni. Mama akajikaza, akafungua mlango na kusema kwa Kiingereza kilichonyooka, "Poleni, manusura. Eneo hili sasa ni salama. Chakula cha msaada kitagawiwa punde."

Baba wa kijana akarudi nyuma kidogo. Mkewe akauliza polepole, "Kuna majeruhi?"

"Wali tu," mama akajibu. "Umeungua vibaya. Juhudi za kuuokoa zinaendelea."

Mama wa kijana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akavua viatu, akamfuata mwenyeji wake jikoni na kuomba mwiko. Binti alipotoka bafuni aliwakuta wameinamia sufuria, wakikwangua ukoko na kutathmini hasara kwa Kiingereza.