Kila Mgonjwa Ana Muuguzi

Ilikuwa saa nane mchana, na Sista alikuwa hajaketi tangu alipoingia kazini asubuhi. Wodi ilikuwa na vitanda ishirini na viwili, vyote vimejaa, na muuguzi ni yeye peke yake. Wenzake wawili walihamishwa mwezi uliopita, na hakuna aliyeletwa badala yao.

Mkaguzi akapita na fomu yake, mtu nadhifu, sauti ya upole. Kwenye kila kitanda alisimama akauliza, "Una muuguzi wa kukuhudumia?"

"Ninaye," wakajibu, mmoja baada ya mwingine.

Mwishowe akaandika: Kila mgonjwa ana muuguzi. Kwa hiyo wauguzi wanatosha. Akamsogezea Sista kalamu atie sahihi.

Sista alikuwa hoi bin taabani. Angetia sahihi hata cheti cha kifo chake mwenyewe. Lakini kwenye kitanda cha sita alikuwa amelazwa mwalimu mstaafu wa mantiki. Mguu ulivunjika, ulimi ulibaki mzima.

"Ngoja, mwanangu," alimwambia Sista. "Bwana Mkaguzi, sentensi yako ya kwanza ni kweli. Ya pili haifuati."

"Haifuati vipi, Mwalimu? Kila mmoja amesema anaye."

"Umewauliza ni yupi? Wangu ni huyu. Na wewe wa saba?"

"Huyuhuyu."

"Wa nane?"

"Huyuhuyu, jamani! Kwani yuko mwingine?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Aliyeshonwa tumbo akajishika mshono.

"Hoja halali," Mwalimu akasema, "huwezi kuipatia wodi hata moja ambamo mwanzo wake ni kweli na hitimisho lake ni uongo. Hii yako inayo wodi kama hiyo, na umesimama ndani yake."

Mkaguzi akakuna kichwa. "Fomu haina nafasi ya mambo hayo."

Sista hakuwa na nguvu za kubishana. Akaikata sentensi ya pili kwa mstari, akaandika juu yake, "Ni mmoja kwa wote," ndipo akatia sahihi.

Jioni muuguzi mkuu alimwita, akamfokea kwa kuharibu fomu. Sista aliegemea ukuta, maneno yakiingia sikio hili na kutokea lile.

Wiki ya tatu baada ya hapo akaletewa mwenzake, wa zamu ya asubuhi tu. Sista akamwonyesha kabati la dawa, akamkabidhi vitanda kumi na kimoja, kisha akavuta kiti karibu na dirisha. Chai aliyomiminiwa ilipoa mbele yake. Alishasinzia.