Alama Kumi za Mikorosho Mitano

Kama umewahi kupewa kazi na mtu asiyekuambia anataka nini, huna haja ya kusimuliwa sana. Mimi nilipewa na Mwalimu Lukasi mwaka 1975, nikiwa darasa la saba, na mpaka leo nikimkumbuka hasira zinanipanda, ingawa ndiye aliyenifikisha hapa nilipo.

Shule yetu ilikuwa katika kijiji cha ujamaa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kitaya. Siku hizo kitabu na jembe vilikwenda pamoja. Tulipimwa kwa mtihani, na tulipimwa pia kwa kazi ya shambani, na alama za kazi zilikuwa mkononi mwa Mwalimu Lukasi peke yake. Mvua zilipokatika alimgawia kila mmoja wetu mikorosho mitano ya shule. "Itunzeni," alisema, basi. Kila Ijumaa asubuhi alipita na daftari lake jeusi, akatazama, akaandika, akaondoka. Mchana alama zilibandikwa mlangoni.

Tuliambiwa shuleni kwetu angechaguliwa msichana mmoja tu kwenda sekondari. Nyumbani, baba alikuwa amepokea posa ya Issa, fundi cherehani wa Kitaya, mwenye mke na watoto sita. Hakuwa mtu mbaya, tena alinishonea gauni la Idi bila kudai kitu. Lakini siku aliponipima mabega kwa utepe wake nilitamani nipotee.

"Somoe, ukichaguliwa nenda, serikali imekuita," baba alisema. "Usipochaguliwa, Issa anangoja."

Kwetu mkorosho hutunzwa kwa kupalilia chini yake mpaka pabaki peupe kama uani. Korosho huiangui mtini, unaiokota ikidondoka, na ikidondokea nyasini ndiyo umeipoteza. Haya tunayajua tangu tukibebwa mgongoni. Basi nikapiga jembe, nikang'oa, nikafagia mpaka mchanga ukaonyesha mistari ya fagio. Ijumaa ya kwanza nikapata nne. Rafiki yangu Raheli, ambaye kwake ungeweza kuanika unga chini, alipata nne vilevile. Mathayo, aliyegeuza majani yaliyodondoka chini ya mikorosho yake kuwa kitanda, alipata saba.

Tukasema mwalimu amekosea kuandika. Ijumaa ya pili tukapata tatu.

Hapo ndipo tulipoanza kubahatisha. Raheli alidhani anataka tuimbe tukilima, tukaimba mpaka koo zikakauka. Mimi nilidhani anataka heshima zaidi, nikampelekea maji nyumbani kwake siku tatu mfululizo. Siku ya nne akanirudisha na ndoo yangu kichwani, akisema hapendi watoto wanaojipendekeza. Wiki hiyo nikapata mbili.

Nikamfuata ofisini. Kwetu mtoto hamhoji mwalimu, na nilisimama mlangoni muda mrefu kabla sijabisha hodi.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba kujua nakosea wapi."

Akalifunga daftari taratibu. Hakuwa mkali, na ukweli ni kwamba kama angenichapa, angalau ningeelewa.

"Somoe, mwanafunzi anayejituma haulizi. Anatazama, anafikiri, anafanya. Nikikuambia ninachotaka, alama itakuwa yangu, si yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nikatoka na "ndiyo" yangu. Nitazame nini? Nifikiri nini? Nilijiona kama mtu aliyefungiwa chumbani, akaambiwa mlango upo, autafute.

Mwezi wa Julai moyo ukafa. Sikulia wala sikugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikwenda shambani na wenzangu, nikaketi chini ya mkorosho, nikachezea vijiti mpaka kengele ilie. Majani yakadondoka, nyasi zikaota, sikuzigusa. Na vitabu nikaviacha, maana kama alama zinaanguka kwa bahati nasibu, kusoma ni kujichosha bure. Mama aliniona nikilala mapema, akadhani nimeshakubali kuolewa, akaanza kunifundisha kupika pilau. Sikumkatalia.

Raheli hakuacha. Alikuja alfajiri, akafagia, akaondoka na vidole vimechubuka. "Ipo siku ataona tu," alisema. Nilimwonea huruma, na nilimwona mjinga.

Ijumaa moja nikapata saba. Iliyofuata, tisa. Nikajua mwalimu amerukwa na akili.

Ijumaa ya mwisho kabla alama hazijapelekwa wilayani, Mwalimu Lukasi alikusanya darasa zima kwenye mikorosho yangu. Nyasi zilifika magotini. Akainama, akafunua majani makavu, akachota udongo mweusi uliokuwa na unyevunyevu.

"Kwetu Bukoba," alisema, na uso wake ulijaa furaha ya kweli, "shamba lililoachwa uchi ni shamba la mvivu. Mgomba tunaufunika majani ili ardhi isikauke. Nimengoja miezi mitatu nione nani atagundua mwenyewe. Amegundua mmoja tu. Somoe, kumi."

Watoto thelathini waliangalia vidole vya miguu yao. Kila mmoja alijua kwamba mkorosho si mgomba, na kwamba mwezi wa Oktoba hakuna jicho litakaloona korosho ndani ya nyasi zile. Hakuna aliyesema, maana nani angemkosoa mwalimu mbele za watu? Mimi ningeweza. Shamba lilikuwa langu, na alama ilikuwa yangu, kama alivyoniambia mwenyewe. Ningesema: Mwalimu, sikugundua kitu, nilikata tamaa tu, na anayestahili ni Raheli.

Maneno yalifika mdomoni kabisa. Nikamwona Issa na utepe wake.

"Asante, Mwalimu," nikasema.

Wakanipigia makofi, na Raheli alipiga kuliko wote.

Majibu yalikuja Desemba, na kumi ile ndiyo iliyonibeba. Januari nikasimama barabarani na sanduku langu, nikingoja lori la kunipeleka Mtwara mjini. Raheli, ambaye kwa hesabu alinipita tangu darasa la tatu, alinibebea kikapu. Akaniuliza polepole, kama mtu anayeona aibu.

"Uligunduaje, Somoe? Mimi ningefagia mpaka nife."

Lori lilikuwa halijaonekana. Nilikuwa na muda wa kutosha kumwambia.

"Nilifikiri tu," nikasema.

Akatikisa kichwa, akaniwekea kikapu miguuni.

"Basi mwalimu hakukosea," alisema. "Mimi sina akili ya shule."

Sikumsahihisha.