Ubao wa Nyoka wa Mzee Onchiri

Kila Jumamosi, jua likishatua na Sabato kufungwa kwa maombi, Onchiri aliweka mezani ubao wa nyoka na ngazi. Aliuchora mwenyewe mwaka 1966, mwaka aliofanywa mzee wa kanisa pale Ikonge. Kwenye kila ngazi aliandika wema: Utii, Bidii, Sala. Kwenye kila nyoka aliandika dhambi. Dadu hakuitaka, alisema ni ya wacheza kamari. Alikata vibao vya namba akavitia kwenye mkebe, na kila mtu alichomoa kimoja zamu yake ikifika.

Majirani waliisifu familia hiyo. "Wenzake wako kwenye pombe," walisema, "Onchiri yuko na watoto wake."

Hawakuijua sheria ya mchezo. Mtoto akimezwa na nyoka, sharti aungame dhambi ya jina hilo aliyoitenda wiki hiyo. Akisema hana, basi huyo ni mwongo, na mwongo hapewi chakula. Sahani yake ilimwagiwa mbwa mlangoni huku akitazama.

Kwa hiyo watoto walijifunza kutunga. Cleophas, wa miaka kumi, alikuwa hodari. Akiangukia Wizi, machozi yalimtoka: amelamba sukari, amechimba karanga za jirani. Baba yake alimpapasa kichwa na kumwambia ale. Nyanchera, dada yao mkubwa, ndiye aliyelala njaa mara nyingi, maana alikataa kujisingizia. Esnah, kitinda mimba, bado aliamini kwamba ule ulikuwa mchezo.

Jioni moja Onchiri mwenyewe alichomoa nne, kete yake ikatua kwenye kichwa cha nyoka wa Kiburi. Siku nyingine aliishusha kimya kimya na kupitisha mkebe. Safari hii Esnah alipiga makofi.

"Tata amemezwa! Tata, ungama!"

"Kiburi sina," Onchiri alisema. "Mungu alishaniondolea. Chomoa, Cleophas."

"Basi Tata ni mwongo!" Esnah alicheka, akaivuta sahani ya baba yake. "Tumpe mbwa."

Kofi lilimpata sikioni. Alianguka pamoja na stuli yake, na damu nyembamba ikamtiririka shingoni. Orpah, mama yao, alipiga magoti amwinue.

"Mwache," mumewe alisema. "Anaigiza. Atainuka mwenyewe."

Orpah akamwacha.

Walimpeleka hospitali Kisii homa ilipokuwa imempanda sana. Njiani Onchiri alimfundisha la kusema. "Ulianguka kutoka kwenye mpera. Sema." Esnah alirudia mpaka likamtoka bila kukwama. Daktari alimsikiliza, akamtazama, akasema sikio hilo halitasikia tena.

Alipopona, ubao ulirudi mezani. Esnah alichomoa mbili, akaangukia Uongo. Alifikiri kidogo, kisha akageuza kichwa upande wa sikio zima ili amsikie baba yake.

"Nilimdanganya daktari," alisema. "Sikuanguka kutoka kwenye mpera."

Cleophas aliinamia sakafu. Nyanchera alimtazama mama yake, na mama yake akatazama sufuria.

"Huo si uongo, mwanangu," Onchiri alisema kwa upole. "Huo ni utii." Akaichukua kete ya mtoto, akaipandisha ngazi hadi juu.

Nyanchera aliolewa Suneka mwaka 1971. Aliporudi kuwatembelea alimkuta Esnah ana alama za kiboko miguuni. Mwalimu alidhani ni mkaidi, kwa kuwa akiitwa haitiki. Nyanchera alimwomba baba yake ruhusa ya kumchukua mdogo wake akaishi naye.

"Mchukue," Onchiri alijibu bila kuinua macho. "Mtoto wa kuitwa mara tatu ananifaa nini?"

Kesho yake kanisani alisimama akaomba washiriki wamwombee, kwamba binti mkubwa amemgeuza mdogo dhidi ya nyumba ya Bwana. Watu walilia naye. Cleophas ndiye aliyelia zaidi ya wote.

Orpah alimfuata Esnah huko Suneka baada ya miaka miwili, amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Alikaa, akanywa chai, akasifu jinsi mtoto alivyokua. Alifungua kinywa kusema jambo, akasema tu kwamba ng'ombe hawana wa kuwakamua, lazima arudi.

Esnah alimsindikiza hadi barabarani. Alimmwagia mama yake heshima zote, akampa mkono, akamuaga kama anavyoagwa mgeni, bila kuuliza atakuja tena lini.